Hoteli ya Kihindi sio lazima uchore Taj Mahal: dhana potofu na ukweli

Sisi tunaochora kuta za mahoteli ya vyakula vya Kihindi kuna maneno tunayasikia kila kazi, kabla hata ndoo ya rangi haijafunguliwa, na mengi sio kweli.

Dhana: ukichora Taj Mahal umeimaliza India.

Ukweli: Taj Mahal iko Agra, kaskazini, na ni kaburi, Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz Mahal aliyefariki 1631. Ni zuri sana hakuna anayebisha, ila mtu anauza dosa na idli, chakula cha kusini kabisa, unamwekea kaburi la Agra juu ya meza za wateja la nini? Kusini wana vyao: jani la mgomba badala ya sahani, kahawa ya maziwa inayomiminwa juu chini kati ya kikombe na kibakuli cha chuma mpaka itoe povu, na kolam, yale maua ya nukta na mistari wanawake wa Kitamil wanayachora mlangoni asubuhi kwa unga wa mchele. Kolam peke yake inajaza ukuta mzima ukapendeza. Mwenye asili ya Gujarat mchoree thali, yaani sinia la chakula, na vibakuli vyake, wa Goa samaki na nazi, wa Mumbai wale dabbawala wanaopeleka vyakula maofisini tangu 1890. Muulize tu kwanza, chakula chako ni cha wapi?

Dhana: Mhindi ni Mhindu, Mhindu hali nyama, basi weka Ganesha, yule mungu wao mwenye kichwa cha tembo, ukutani.

Hii ndo inaniuma zaidi maana inaharibu heshima ya watu. Huko India kwenyewe watu wazima zaidi ya theluthi mbili wanakula nyama, samaki au mayai, Bengal samaki ndo fahari yao. Na huku kwetu kuna Mabohora, Ithnaasheri na Ismailia ambao ni Waislamu, kuna Wagoa Wakatoliki, Kalasinga, na Wahindu pia, kila mmoja na jiko lake. Bohora anauza biriani na mishkaki afu wewe unamchorea Ganesha bila kumuuliza, hapo umemkosea yeye na umewakosea na Wahindu. Na kama mwenye hoteli ni Mhindu na anamtaka kweli, basi Ganesha akae juu, sio karibu na choo wala pale viatu na migongo ya viti inapogusa.

Dhana: Madhubani na Warli, ile michoro ya asili ya India, ni urembo tu, unakopi kwenye simu.

Madhubani ni ya Mithila, Bihar, wanawake walikuwa wanaichora kwenye kuta za udongo, hasa chumba cha maharusi, ndo maana utaona samaki na mayungiyungi, ni dua ya uzazi ile. Tetemeko la 1934 lilipobomoa nyumba ndo afisa Mwingereza W. G. Archer akaiona michoro ya ndani, halafu ukame wa miaka ya 1960 wanawake hao wakahamasishwa wachore kwenye karatasi wapate hela. Warli ni ya Maharashtra, miili ya pembetatu mbili, nyeupe ya unga wa mchele juu ya udongo mwekundu basi, ukijaza kijani na zambarau hiyo sio Warli tena. Jivya Soma Mashe aliyeifikisha duniani alipewa Padma Shri, nishani ya serikali ya India, 2011, mtaje kwa mteja, ni haki yake.

Dhana: pilipili na nyanya ni za India tangu zamani.

Zimetoka Amerika, zikaja na Wareno. Ukichora karamu ya mfalme wa kale weka pilipili manga, tangawizi, manjano, iliki.

Dhana: rangi ya bei inaficha ukuta mbovu.

Haifichi. Plasta mpya iache kama mwezi ikauke, huku pwani ukuta unatoa chumvi, ukipaka juu yake rangi inabanduka na uso wa mchoro wako. Ukuta wa karibu na jiko una mafuta hata kama huyaoni, osha kwa maji ya moto na sabuni, uache ukauke, piga andakoti, ile rangi ya chini, ndo uchore, mwisho vanishi ya maji ili wafute bila kuharibu. Na kuanzia sakafuni kama mita moja acha rangi tupu ya kuoshika, viti vitakwangua hapo kila siku, mchoro uanzie juu yake.