Njia panda ya reli vitani: mfano wa Corinth

Njia panda ya reli ni mahali ambapo reli mbili zinakatana, treni ikaweza kuelekezwa upande wowote. Siku za amani watu hubadilisha treni hapo na mizigo hupakuliwa. Siku za vita, anayepashika hupeleka askari, chakula na baruti atakako kwa haraka, na adui yake hulazimika kuzunguka.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), mahali hapo palikuwa Corinth, mji mdogo wa Mississippi. Reli ya Memphis na Charleston, iliyotoka Mto Mississippi kwenda mashariki, ilikatana hapo na reli ya Mobile na Ohio, iliyopanda kutoka bandari ya Mobile hadi Kentucky. Leroy Pope Walker, waziri wa vita wa kwanza wa Kusini (majimbo yaliyojitenga na Marekani), aliiita ile ya Memphis uti wa mgongo wa Shirikisho lao.

Baada ya mapigano ya Shiloh, karibu na hapo, Aprili 1862, Jenerali Halleck wa Kaskazini (upande wa serikali ya Marekani) alisogea kuuzingira mji akiwa na askari zaidi ya 100,000. Alijikokota karibu mwezi mzima kwa mwendo wa kilomita 35 hivi, akichimba mahandaki kila aliposimama. Usiku wa kuamkia Mei 30, Beauregard wa Kusini akatoroka na jeshi lake lote. Kila treni tupu ilipoingia, askari wake walishangilia ili adui adhani wamepata nyongeza.

Halleck analaumiwa kwa kuliachia jeshi hilo, na lawama ni ya haki. Lakini njia panda aliipata, na Kusini iliumia vibaya. Julai mwaka huohuo Jenerali Bragg wa Kusini alipotaka kuwapeleka askari kama 30,000 kutoka Tupelo, kusini mwa Corinth, hadi Chattanooga, mji wa Tennessee upande wa mashariki, ilibidi wateremke hadi Mobile, kisha wapande kupitia Montgomery na Atlanta: zaidi ya kilomita 1,200. Kupitia Corinth ingekuwa safari fupi mno.

Ndiyo maana Jenerali Van Dorn wa Kusini alirudi Oktoba 3 na askari wapatao 22,000 kuukomboa mji kutoka kwa Jenerali Rosecrans wa Kaskazini. Siku ya pili baadhi yao walipenya hadi karibu kabisa na makutano ya reli, wakarudishwa nyuma. Mbele ya ngome ya Robinett aliuawa Kanali William Rogers wa Texas akiongoza watu wake. Kusini ilipoteza watu kama 4,200, waliokufa, kujeruhiwa na kutekwa. Kaskazini kama 2,500.

Jambo moja husahaulika katika simulizi za majenerali. Mji ulipokuwa mikononi mwa Kaskazini, watumwa waliotoroka mashamba ya jirani walikimbilia huko. Kambi yao ilifikia watu kama 6,000, wakiwa na shule, kanisa na mashamba yao, na wanaume wengi wakajiunga na jeshi kupigania uhuru wa ndugu zao waliobaki utumwani.