Mangi: cheo cha mtawala kilichohamia dukani

Mzazi wa Dar es Salaam au Dodoma anapomtuma mtoto aende "kwa Mangi" akachukue nusu kilo ya sukari, mtoto haulizi Mangi ni nani wala anakaa wapi. Anajua kwamba anatumwa kwenye duka la mtaani, lile lenye dirisha la nondo, mizani juu ya meza na sabuni za mche zilizopangwa nyuma ya muuzaji. Lakini mzee wa Old Moshi au wa Machame akilisikia neno hilohilo katika kikao cha ukoo, anakumbuka watu waliogawa ardhi, waliopiga vita na kuamua kesi za damu, na mmoja wao aliyenyongwa mbele ya watu wake. Neno ni moja, na safari yake kutoka maana ya kwanza hadi ya pili imepita katika ardhi, kahawa na urithi wa watoto wa kiume wa Kilimanjaro.

Katika Kichagga, mangi ni mtawala wa nchi. Neno "nchi" hapa lisichukuliwe kwa ukubwa tuliouzoea leo. Miteremko ya kusini na mashariki ya mlima imekatwa na mito na mabonde marefu, na kila mgongo wa ardhi kati ya bonde na bonde, au migongo michache iliyounganishwa kwa vita au kwa ndoa, ulikuwa nchi yenye mangi wake: Siha, Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika, Keni na nyingine nyingi. Kwa hiyo mtu anayeandika kwamba mangi alikuwa "mfalme wa Wachagga" anakosea, kwa sababu kwa karne nzima ya 19 hakukuwa na mtu mmoja aliyewatawala Wachagga wote, ingawa walikuwapo waliojaribu. Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848 alipokelewa na Mangi Masaki, na alipotaka kufika Machame ilimbidi apatane na mtawala mwingine kabisa, Mangi Mamkinga. Wameru, walio upande wa Arusha, nao walimwita mtawala wao mangi, ilhali majirani zao Waarusha wanamtambua laigwanani, ambaye uongozi wake una misingi tofauti na haufai kuchanganywa na huu.

Mamlaka ya mangi yalikuwa mengi. Chini yake alikuwapo mchili, msimamizi wa mtaa, aliyepeleka amri na kuleta malalamiko. Mangi aliamua mashauri makubwa, aliita vijana vitani, aligawa ng'ombe walionyakuliwa na alisimamia biashara ya pembe za ndovu na misafara iliyopanda kutoka Pangani na Mombasa. Mifongo, ile mifereji iliyoteremsha maji kutoka mtoni hadi migombani, ilikuwa kwa kiasi kikubwa mali ya koo zilizoichimba, na mangi aliingia hasa pale koo zilipogombana. Katika mamlaka haya yote lipo moja linaloeleza mambo yaliyofuata, nalo ni la kugawa ardhi.

Kihamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba iliyopandwa kwa safu zilizosongamana, ng'ombe katika banda, na baadaye kahawa chini ya kivuli cha migomba. Mpaka wake huoneshwa kwa masale, mmea wenye majani marefu ambao Mchagga huuheshimu hata katika kuomba msamaha, kwa kuwa anayekuja na jani la isale mkononi hafukuzwi. Kwa desturi iliyokuwa imeenea sana, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliopewa kipaumbele katika urithi wa kihamba, na wa mwisho ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi. Yule wa katikati alisubiri apatiwe mahali pengine, na ardhi isiyo na mwenyewe ilikuwa mkononi mwa mangi. Aliyeonekana anafaa alioneshwa eneo, akapanda masale yake mpakani na kuanza maisha. Kwa mtoto wa katikati, basi, mangi alikuwa mlango wa pekee wa kuwa mtu mwenye kwake.

Kati ya wamangi wa zamani, wawili wanatajwa kila siku na watu ambao pengine hawajui kwamba wanataja watawala. Anayepanda mlima kwa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, kisha Horombo, kwenye mita 3,720 hivi. Horombo alikuwa mangi wa Keni, Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19, na anakumbukwa kwa kuzishinda nchi nyingi za mashariki na kwa ngome zake za mawe. Mandara ni jina ambalo wageni walimjua kwalo Mangi Rindi wa Moshi, mtu mwenye akili nyingi za diplomasia, aliyewakaribisha Waingereza na Wajerumani kwa zamu na mwaka 1885 akaweka mkataba na Wajerumani kwa matumaini ya kuwatumia dhidi ya mpinzani wake mkubwa, Mangi Sina wa Kibosho. Sina alipigwa na Wajerumani mwaka 1891, na Rindi akafariki mwaka huohuo. Nawaomba wanaoongoza wageni mlimani wayaeleze majina haya mawili, maana ni huzuni mtu kulala usiku mzima ndani ya jina la mtawala na kuamka akidhani ni jina la mti.

Mwana wa Rindi, Mangi Meli, alirithi nchi akiwa kijana, na hakuikubali nira ambayo baba yake alidhani angeweza kuigeuza iwe ngao. Mwezi Juni 1892 wapiganaji wake walikishinda kikosi cha Wajerumani kilichopanda kumtiisha, na kamanda wa kikosi hicho, von Bülow, akauawa. Kwa mwaka mmoja na zaidi Moshi ilibaki huru. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakaiteka ngome ya Meli, na kuanzia hapo akatawala chini ya macho yao. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa hapo Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, jumla yao watu 19, kwa tuhuma za kupanga uasi. Mti unaotajwa kuwa ndio walionyongewa bado unaoneshwa huko juu. Ndugu zake wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na wamekuwa wakikitafuta kwa miaka mingi ili kizikwe panapostahili. Yeyote anayetaka kujua uzito wa neno mangi kwa watu wa Old Moshi na aanzie hapo, kwa sababu cheo hiki kwao kina kaburi ambalo halijakamilika.

Baada ya mwaka 1900 cheo kilibaki, ila kiini chake kilibadilika. Mangi akawa mtu wa kukusanya kodi na kutoa vibarua, akiwa na serikali ya kigeni juu yake, kwanza ya Wajerumani na kisha ya Waingereza. Reli ilifika mwaka 1911 kwenye tambarare chini ya mlima, mji mpya ukakua kuizunguka na kuchukua jina la Moshi, na makao ya wamangi yakabaki juu yakiitwa Old Moshi. Wakati huohuo kahawa, iliyoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, iliingia katika vihamba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU, ambacho jengo lake lingalipo mjini Moshi. Kwa mara ya kwanza Mchagga wa kawaida alikuwa na fedha na sauti ambazo hazikupitia kwa mangi, na nyingi ya fedha hizo zilikwenda kwenye ada za shule.

Ngazi ya juu kabisa ya cheo hiki ilikuja kikiwa karibu kwisha. Mwaka 1952 Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, alisimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, jambo ambalo Horombo na Sina hawakulipata kwa mkuki. Halikudumu miaka 10. Mwaka 1960 Wachagga wenyewe walipiga kura, na cheo cha Mangi Mkuu kikaondoka. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu nchini kote, na neno mangi likabaki bila kiti.

Hapa ndipo mtoto wa katikati anaporudi. Kufikia wakati huo watu wa mlimani walikuwa wameongezeka, vihamba vimegawanywa hadi baadhi yake havitoshi hata familia moja, na ardhi ya kuomba ilikuwa imekwisha, na mtu wa kuombwa pia. Kijana aliyesoma kwa fedha ya kahawa na asiyekuwa na kihamba aliteremka mjini, kisha akapanda basi kwenda mbali zaidi. Wengi waliajiriwa, na wengi waliuza. Walifungua vioski, bucha, baa na maduka ya rejareja, wakianza na mtaji mdogo uliotoka kwa ndugu, na aliyetangulia akamwita mdogo wake aje kusaidia kaunta mpaka naye aweze kujitegemea. Haikuwa njia rahisi, kwani mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika, na ni baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980 ndipo maduka ya mtaani yalipoongezeka kila kona.

Wachagga wa kiume walikuwa tayari wakiitana "mangi" wao kwa wao, kwa heshima na kwa utani, kama watu wa pwani wanavyoitana "mwinyi". Wateja walilisikia likipita juu ya kaunta kati ya mwenye duka na ndugu zake, wakalichukua. Mwanzoni lilimtambulisha mtu kwa kabila lake, baadaye likaitambulisha kazi, na sasa linatambulisha hata mahali. Mkinga wa Makete anayeuza duka Mbagala anaitwa Mangi na anaitika. Mtu husema "nyumba ipo nyuma ya Mangi", akimaanisha nyuma ya duka, hata kama duka hilo siku hizi linaendeshwa na dada kutoka Singida.

Ninaamini neno halikuhama bila kubeba kitu. Mwangalie mwenye duka la mtaani saa 1 jioni. Mtoto anaomba mafuta ya kula ya jero, naye anachota kwa kipimo kidogo kutoka kwenye ndoo na kumimina katika chupa bila kumwaga tone. Mama anaomba unga hadi mwisho wa mwezi, naye anavuta daftari lililokunjamana pembe, anatafuta ukurasa wenye jina la mama huyo na kuandika tarehe na kiasi kwa kalamu iliyofungwa kwa uzi. Anajua nani amefukuzwa kazi kabla ya majirani kujua, kwa sababu amekoma kununua mkate. Anaamua nani akopeshwe na nani asubiri, na uamuzi huo unaweza kuwa tofauti ya kula na kulala njaa. Si mtawala, lakini ana nguvu ndogo inayofanana na ya yule aliyeamua nani apate ardhi, na mtaa unaitambua nguvu hiyo hata pale ambapo hakuna anayejua historia ya jina.

Lipo tumizi moja ambalo silikubali. Baadhi ya watu hulitaja neno hili kwa kejeli, kumaanisha mtu mchoyo au anayependa fedha kuliko utu, na kwa njia hiyo kabila zima linawekewa tabia moja. Anayefanya hivyo hajawahi kufikiria deni lililosamehewa kimya kimya ukurasani, wala safari ya Desemba, ambapo wenye maduka hayo hufunga milango na kupanda mabasi kurudi Kilimanjaro wakiwa na mifuko ya mchele na vitenge vya mama zao, kuwaona wale waliobaki kwenye kihamba ambacho hakikuwatosha wote.

Katika maandishi, maana hizi mbili hutenganishwa kirahisi. Mtawala hufuatwa na jina lake au la nchi yake: Mangi Meli, Mangi wa Kibosho. Mwenye duka hubaki Mangi peke yake, au hufuatwa na alama ya mtaa: Mangi wa kona, Mangi wa jirani na msikiti. Marehemu babu yangu, aliyekuwa kijana wakati wamangi wangalipo, hakulitumia kwa maana ya pili hata siku moja. Alisema "mwenye duka" na kuishia hapo. Mjomba, ambaye alikuwa mtoto wa katikati na ameuza duka mjini kwa miaka 30 na zaidi, alipomtembelea mara ya mwisho alipigiwa simu na mteja, na sauti ikasikika wazi kutoka kwenye simu: "Mangi, unafungua lini?" Babu aliinua macho kutoka kwenye bakuli la mtori, akamtazama mwanawe kwa muda, kisha akamwambia, "Mjibu. Wewe ndiye unayeitwa."