Hipsta wa Dodoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jinzi iliyopanda mpaka kitovuni, shati la drafti la kiume lililofungwa fundo kiunoni, miwani mikubwa ya duara, raba nyeupe. Huo ndio uhipsta wa hapa Dodoma, na binti akikatiza Nyerere Square hivyo jioni, hakosi wa kumsema. Na mengi anayosemwa hayana msingi.

Wapo wanaomwita hipi. Siye. Mahipi ni vijana wa miaka ya 1960 huko Marekani, San Francisco hasa, waliofuga nywele na kupinga vita ya Vietnam. Hipsta ni mkubwa kwao: jina hilo walipewa wapenzi wa jazi miaka ya 1940, likafufuka mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa vijana wa Brooklyn, New York, waliovaa nguo za kizamani kwa makusudi.

Wengine husema ni mtindo wa wenye hela. Hapa ndipo watu wanapopotea kabisa, kwa sababu hata hao wa Brooklyn walianzia kwenye nguo kuukuu zilizoachwa na wenzao. Mtumba, kwa kifupi. Sisi mtumba tumeujua tangu serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984. Nenda soko la Sabasaba belo la mitumba linapofunguliwa uone. Dada anayejua kuchagua hahangaiki na rangi kwanza. Anaigeuza nguo nje ndani, anakagua mishono ya kwapa na ya mapajani, anavuta zipu juu chini, ndipo anauliza bei, tena kwa sauti ya mtu asiyeitaka sana. Jinzi za kiuno cha juu, zilizotamba ng'ambo miaka ya 1980, zilidoda chini ya rundo kipindi chote cha jinzi za kushuka kiunoni, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo muuzaji anazitundika mbele kwenye henga na bei kaipandisha. Kiuno kikizidi, fundi cherehani anafumua mkanda, anapunguza katikati kwa nyuma, anaurudishia, na jinzi inakaa kama ilishonwa kwa ajili yako.

Kuna hili la kuacha mila. Wasemao hivyo humtaka binti avae kitenge, "vazi letu la asili". Kitenge nakipenda, ninavyo kabati zima, ila tusidanganyane: ufundi ule wa nta ni wa batiki ya Java, viwanda vya Uholanzi vikauiga kwa mashine karne ya 19, nguo zikapata soko Afrika Magharibi, na baadaye zikatufikia. Bibi zetu wa Ugogo walivaa ngozi na shanga, kisha kaniki, kitambaa cheusi cha pamba, ambayo nayo ililetwa na wafanyabiashara. Sasa mila ni ipi hapo?

Lawama zenyewe ni za siku nyingi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikawa marufuku. Haikupita miaka mingi, vijana wakawa mtaani na bugaluu, suruali pana chini, na raizoni, viatu vya soli nene. Na wigi? Jumamosi hii angalia kichwani mwa mama wa bibi harusi, kanisani, kiti cha mbele.

Mwisho kuna wale wanaodai Dodoma inaokota makombo ya Dar. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kianzishwe mwaka 2007, na serikali itangaze kuhamia hapa mwaka 2016, watu wa kila mkoa wamekuja na kabati zao, na mitindo inachanganyikia hapahapa. Isitoshe, shati zito la drafti na sweta pana kwa joto la Dar ni kujitesa. Hapa mwezi wa saba, jua likishazama, utayahitaji. Sketi pana ya kupepea ndiyo isiyotufaa: kwa upepo wa huku, mwenyeji anaivalia taiti ndani, au anaiacha nyumbani.