Kwa nini "ingiza au sasisha" iliwasumbua watunzi wa hifadhidata?

Chukua duka la jumla Kariakoo lenye kaunta mbili, hifadhidata moja. Mteja akilipa, namba yake ya simu inatafutwa: haimo, inaingizwa, imo, anaongezewa pointi. Je, wajua kwa nini jambo dogo hivi liligeuka kazi ngumu?

Shida iko katikati. Kaunta zote zikitafuta namba ileile kwa wakati mmoja, zote zinajibiwa "haimo", na zote zinaingiza. Safu ya simu ikiwa na sharti la upekee, yaani namba isijirudie, kaunta moja inapata kosa. Isipokuwa nalo, mteja anaandikwa mara mbili na pointi zake zinagawanyika. Kwa hiyo kutafuta na kuandika lazima viwe amri moja.

MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, ina amri ya REPLACE, lakini hiyo hufuta mstari wa zamani wa mteja na kuingiza mpya. Pointi zimekwenda, na kama jedwali la manunuzi limefungwa nao kwa sharti la kufuta pamoja, historia yote nayo imekwenda. Afadhali ON DUPLICATE KEY UPDATE, ambayo husasisha mstari uliopo. Kasoro yake ni kwamba haiulizi mgongano ni wa safu ipi.

Na hapo ndipo penye uzito. Tuseme simu na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) zote ni za kipekee. Mteja wa zamani anakuja na laini mpya, ambayo zamani ilikuwa ya mtu mwingine. Simu inagongana na mstari wa yule mtu. NIDA inagongana na mstari wake mwenyewe. Asasishwe nani? MySQL itasasisha mmoja tu, na mwongozo wake unashauri kuepuka amri hiyo kwenye jedwali lenye funguo kadhaa za kipekee.

Programu nyingine, PostgreSQL, katika toleo la 9.5 lililotoka Januari 2016, ilimtaka mwandishi wa amri aseme mwenyewe ni mgongano wa safu ipi:

INSERT INTO wateja (simu, nida, pointi) VALUES (…)
ON CONFLICT (simu) DO UPDATE
SET pointi = wateja.pointi + EXCLUDED.pointi;

EXCLUDED ni ule mstari uliokataliwa kuingia. Ikigongana NIDA badala ya simu, amri inakataa kwa kosa na haiandiki chochote. Kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote: heri keshia aone kosa kuliko pointi kumwendea asiyehusika. SQLite, programu nyingine ya hifadhidata, ilifuata muundo huohuo mwaka 2018.

MERGE, amri ya kuoanisha majedwali iliyomo katika kiwango cha 2003 cha SQL, lugha ya hifadhidata, iliingia PostgreSQL 15 mwaka 2022. Inafaa kuoanisha orodha nzima ya bidhaa usiku, duka likiwa limefungwa. Kwenye kaunta mbili zinazoandika kwa pamoja, bado inaweza kukwama kwa kosa la upekee.