Uvimbe wa Nyuma ya Goti Usikatwe Kabla ya Kujulikana

Kliniki yangu hapa Malindi hupokea vijana wenye uvimbe mgumu pajani au nyuma ya goti, wengi wao wakiamini kuwa walijigonga chomboni, na baadhi yao wameshachuliwa kwa mafuta kwa miezi kadhaa. Uvimbe mwingi wa namna hiyo ni wa mafuta tu na hauna madhara. Hata hivyo, ule uliozidi sentimita 5, uliojikita ndani ya misuli au unaoendelea kukua, hata kama hauumi, mimi huushuku kuwa sarkoma ya tishu laini, yaani saratani ya nyama laini za mwili kama misuli na mafuta, mpaka vipimo vikanushe.

Sarkoma ni takriban asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima. Inayowapata vijana zaidi ni ile iitwayo sarkoma ya sinovia, ambayo mara nyingi huota karibu na viungo na huweza kukua polepole kwa miaka, na upole huo ndio unaowapumbaza wagonjwa na madaktari pia.

Jambo linalonisikitisha mno ni uvimbe kukatwa kabla ya kujulikana, kwa sababu kisu kikipita ndani yake, seli za saratani husambaa kwenye nyama iliyokuwa salama, na upasuaji wa pili hulazimika kuwa mkubwa zaidi. Kwanza ipigwe picha ya MRI. Kisha, baada ya kumtia mgonjwa ganzi, huchukua kwa sindano nene vipande vyembamba kama tambi na kuvitia katika formalini, dawa ya kuvihifadhi visioze. Sindano hiyo huipitisha palepale patakapopasuliwa baadaye, ili njia yake iondolewe pamoja na uvimbe. Maabara ikikuta jeni ya SS18 imeungana na jeni ya SSX, alama ya sarkoma ya sinovia, shaka huwa imekwisha. Mapafu nayo hupigwa picha ya CT, kwa kuwa ndiko ugonjwa huu hukimbilia.

“Daktari, mwanangu atakatwa mguu?” Mara nyingi hakatwi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1982 ulionyesha kuwa waliookolewa kiungo kwa upasuaji na mionzi hawakufa zaidi ya waliokatwa. Mionzi ya kabla ya upasuaji kwa kawaida hutolewa mara 25, siku tano kwa wiki, na baadhi ya wagonjwa huongezewa dawa za kuua seli za saratani, doksorubisini na ifosfamidi. Kwa anayetoka Lamu, akivuka hadi Mokowe na kushika njia ya Mombasa, hizo ni wiki tano za kukaa ugenini. Kwa hiyo huwauliza jamaa mapema ni nani atakayempokea huko.

Baada ya matibabu, kifua huchunguzwa kila baada ya miezi michache, na ufuatiliaji huendelea hata baada ya miaka mitano, maana sarkoma ya sinovia huweza kurudi ikiwa imechelewa sana.