Mchanga ni laini, ila haupumzishi mtu

Kuna kauli naisikia kwa makocha wa voliboli ya ufukweni karibu kila msimu: "hawa wanacheza mchangani bwana, wataumia wapi". Nusu yake ni kweli. Ukitua mchangani goti halipigwi kama kwenye sakafu ya ukumbi, na hata misuli kesho yake haiumi sana. Ila hapohapo ndipo watu wanapoteleza, wanadhani mwili usiouma haujachoka. Mchanga unakula nguvu. Unasukuma mguu, mchanga unazama, sehemu ya nguvu yako inaishia kusogeza mchanga badala ya kukusogeza wewe, na ule mnepo wa kano ya kisigino unaokurusha juu kwenye sakafu ngumu, huku haukusaidii sana. Watafiti wa Ubelgiji walilipima hili mwaka 1998 wakakuta kukimbia mchangani kunakula nishati kama mara 1.6 ya kukimbia sehemu ngumu, na kutembea tu ni zaidi ya mara 2. Yaani hata dogo anayefuata mpira uliotoka nje yuko kazini.

Mimi kazi yangu ni kufuatilia mzigo wa mazoezi wa vijana wa voliboli ya ufukweni, wengi wana miaka 13 mpaka 17, na watu wakisikia hivyo wanadhani natembea na mitambo. Wapi. Nina daftari na swali moja. Kama nusu saa baada ya mazoezi namuuliza kijana, leo ilikuwa ngumu kiasi gani, 0 mpaka 10? Jibu nalizidisha kwa dakika alizofanya, basi. Dakika 90 kwa alama 5 ni 450, huo ndio mzigo wake wa siku hiyo. Njia hii aliisambaza mtafiti wa mazoezi Mmarekani anaitwa Carl Foster, akiwa ameegemea kipimo cha Msweden Gunnar Borg cha mtu kutaja mwenyewe anavyohisi ugumu, na hiyo nusu saa ina sababu yake, ukimuuliza palepale anakupa alama ya drili (zoezi) ya mwisho, sio ya mazoezi yote.

Sasa utaniuliza kwa nini nihangaike kumuuliza kila mmoja wakati wote wamefanya mazoezi yaleyale. Kwa sababu hawajafanya yaleyale! Huu mchezo uko hivi, mko wawili, uwanja upande wenu ni mita 8 kwa 8, hakuna wa kuingia badala yako, na mara nyingi anayepokea servisi ndiye anayekuja kupiga spaiki. Wapinzani wanalijua hilo. Wakishaona mmoja anahema wanampelekea yeye servisi zote, anapokea, ananyanyuka toka chini, anakimbia, anaruka, anapiga, na mpira ukirudi anarudia tena, mwenzake pembeni kazi yake inakuwa kumpangia mpira tu. Nimewahi kukaa na daftari nikahesabu miruko ya wachezaji wawili wa timu moja kwenye mechi moja, mmoja alikuwa karibu mara mbili ya mwenzake, halafu jioni kocha akawapangia wote mazoezi sawa ya miguu eti kwa sababu "wamecheza dakika sawa".

Lakini kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu, nisingegusa hiyo. Ningegusa wiki yenye siku zinazofanana. Chukua kijana anayefanya 450 siku 6 na kupumzika 1, jumla 2,700. Mwenzake ana 720, 180, mapumziko, 900, 200, 700, mapumziko, jumla nayo 2,700. Kwenye karatasi ya kocha hawa wako sawa kabisa. Ila chukua wastani wa siku zote 7, mapumziko yakiwa 0, ugawe kwa mchepuko sanifu, yaani namba ya jinsi siku zinavyotofautiana (kwenye simu au kompyuta fomula ipo tayari), wa kwanza anapata kama 2.3 na wa pili kama 1.0. Hiyo namba inaonyesha wiki ilivyo bapa, ikiwa kubwa siku zinafanana. Ukiizidisha na jumla ya wiki uone wiki ilivyoubana mwili, wa kwanza anaenda kama 6,100, wa pili kama 2,800. Simaanishi wa kwanza ataumia Jumatano, hizi namba sio ramli na mimi siziamini kihivyo, lakini kijana ambaye kila siku ni ngumu-ngumu kiasi hana siku mwili unapata nafasi ya kujirekebisha, na wala hana siku anapata kasi ya kweli maana kila siku anakuja na miguu ya jana. Siku nyepesi iwe nyepesi kweli jamani. Sio "nyepesi" halafu mwishoni mnamalizia na spaiki 40.

Halafu kuna kukua. Wasichana wengi wanarefuka kwa kasi zaidi kwenye miaka 12 hivi, wavulana 14, na kipindi hicho mifupa inatangulia, misuli na kano zinafuata nyuma zikivutwa. Ukiona kinundu chenye maumivu chini ya pia ya goti, punguza miruko, usimwambie avumilie. Nawapima urefu kila baada ya miezi 3, rula na ukuta vinatosha, aliyerefuka ghafla sentimita kadhaa namwekea alama nyekundu kwenye daftari hata kama anajiona yuko fiti.

Usingizi sitaongea sana, umri huu wanahitaji saa 8 mpaka 10 na simu ndiyo inayowaibia. Kila mzazi analijua hilo.

Niliwahi kuwa na kijana ambaye kila siku alikuwa anasema 5. Mazoezi mazito, 5. Siku ya mechi 3 juani, 5. Nikaanza kulishuku daftari langu, kumbe kosa lilikuwa langu, nilikuwa namuuliza kocha akiwa amesimama pale pale, na dogo hataki aonekane mlegevu wiki ya kuchagua timu. Nikabadilisha, nikawa nampa karatasi aandike mwenyewe pembeni, anaikunja, ananipa. Siku ya kwanza aliandika 8. Ya pili 9, na chini yake kwa maandishi madogo: "mwalimu goti la kulia, tangu wiki ile". Alhamisi nikamtoa kwenye miruko yote, kocha akanuna mpaka jioni, dogo akakaa kivulini anawarushia wenzake mipira.