Weusi wa Lenzi Si Kinga ya Jicho

Wateja wanaotafuta miwani ya jua ya mtindo wa wanamuziki wa roki wa zamani huuliza kwanza kama ipo nyeusi zaidi, kwa kuamini kwamba kadiri lenzi inavyokolea weusi ndivyo inavyolinda jicho. Dhana hii nimeisikia mno, na si kweli. Weusi hupunguza mwanga unaoonekana tu, ilhali mionzi ya urujuanimno (UV) ya jua haionekani, nayo huzuiwa na malighafi ya lenzi au kemikali iliyotiwa ndani yake. Lenzi ya polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, isiyo na rangi hata kidogo huzuia karibu mionzi yote hiyo, wakati plastiki duni iliyotiwa weusi wa tititi inaweza kuipitisha. Tena plastiki hiyo ni hatari zaidi, kwa kuwa nyuma ya giza lake mboni hupanuka na mtu huacha kukunja macho, hivyo mionzi inayopenya hupata njia pana ya kuingia ndani ya jicho, ambako madhara yake hujilimbikiza kwa miaka na kuchangia mtoto wa jicho.

Kabla ya kuuliza rangi, uliza UV400, yaani lenzi inayozuia mionzi hiyo hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400. Hata hivyo, stika yeyote anaweza kuibandika, ndiyo maana nasisitiza lenzi ipimwe kwa mashine, kazi ya muda mfupi sana ambayo muuzaji makini hawezi kuikataa. Weusi nao una madaraja yake, kuanzia 0 hadi 4: daraja la 3, linalopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, linatosha kwa jua kali, na la 4 halifai kabisa kuendeshea gari, hata mchana.

Lenzi za polaraizi hukata mng'ao unaoakisiwa na maji au lami. Hiyo ni kazi nyingine, wala haithibitishi kinga dhidi ya urujuanimno. Jina kubwa la mbunifu nalo halithibitishi kinga hiyo.

Wapo pia wanaodai kwamba miwani hii ya mtindo wa roki ni pambo la jukwaani lisiloweza kuwekewa lenzi za namba, yaani za kurekebisha uoni. Lakini mwanamuziki Roy Orbison, aliyetambulika kwa miwani yake myeusi, alivaa lenzi za namba, na John Lennon wa bendi ya Beatles alikuwa haoni vizuri mbali. Fremu ndogo ya duara kama ya Lennon humfaa hasa mwenye namba kubwa ya kutoona mbali, kwa sababu kingo za lenzi hubaki nyembamba. Lakini huacha mwanga uingie kutoka juu na pembeni, kwa hiyo anayeichagua kwa matumizi ya juani namshauri avae na kofia yenye ukingo mpana.